Koki Kumi na Nne za Isidori

Isidori Akonaay hatembei kama wakulima wenzake wa kijiji cha Daudi. Wao hutazama mawingu, hutazama ng'ombe wa jirani kama wameingia kwenye mahindi, hutazama nani kapita na kavaa nini. Yeye macho yake yako chini, hatua mbili mbele ya buti. Hata akiwa katikati ya shamba la vitunguu saumu la mtu anaweza kusimama ghafla, akakanyaga mara mbili kwa kisigino, akatega sikio, kisha akaendelea na safari yake. Mgeni angedhani mzee kaangusha funguo. Wenyeji wanajua anafuata bomba.

Bomba lenyewe linaanzia msituni juu, kwenye chemchemi, linateremka kilomita tisa hadi kitongoji cha Bondeni, penye zahanati na shule ya msingi. Halina injini wala umeme. Maji yanashuka kwa sababu juu ni juu na chini ni chini. Lilichimbwa mwaka 1987 kwa fedha za wamisionari na migongo ya watu wa hapa. Isidori alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, hana mke, hana shamba la maana, na padre alimchagua awe msaidizi wa fundi kwa sababu moja tu: alikuwa hasahau. Fundi aliondoka baada ya mwaka. Padre alizeeka akarudi kwao. Ramani, kama iliwahi kuwepo, haikuonekana tena. Bomba likabaki kichwani mwa Isidori, kila kona, kila kiungio, kila mahali mwamba ulipowalazimisha kupinda.

Kichwani humo kulibaki na jambo jingine. Mtaro ulitakiwa upite kwenye mashamba ya watu, na huku milimani ardhi si ya mchezo. Ndugu wa tumbo moja huacha kusalimiana kwa sababu ya mpaka uliosogea upana wa unyayo. Padre alitaka kuandika karatasi, wazee wakamcheka. Kazi akapewa Isidori. Alikwenda nyumba kwa nyumba, familia kumi na nne. Alifika asubuhi, akaketi, akanywa alichokaribishwa, akazungumza habari za mifugo hadi jua likawa kali, ndipo akalitaja lililomleta. Mwenye shamba akikubali, walitoka pamoja mpaka mahali penyewe. Isidori alipiga jembe la kwanza, akaokota donge la udongo, akamweka mwenye shamba mkononi. Yule akilirudisha mwenyewe shimoni, basi ameruhusu, na mjadala umekwisha. Malipo yalikuwa koki moja uani kwake, pamoja na neno la Isidori kwamba koki hiyo haitafungwa maadamu bomba linapita, yeye akiwepo au asiwepo, na watoto wake vilevile.

Wa mwisho kukubali alikuwa Marieta. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uleule, mwanawe Tadei bado ananyonya, na mashemeji walikuwa wamemwonya asithubutu kuruhusu mtaro, maana ulikuwa unapasua kipande kizuri kuliko vyote. Alilishika lile donge muda mrefu hadi Isidori akaanza kutokwa jasho.

"Huyo padre simjui," alisema. "Mafundi wake siwajui. Nakujua wewe. Nakupa wewe."

Akalirudisha shimoni. Tangu siku ile, kwa miaka thelathini na sita, Isidori alipita shambani kwa Marieta kila juma. Akimkuta, husimama na kutoa shikamoo, kwa kuwa mama yule amemzidi miaka minane. Akiitikiwa marahaba, anafungua koki kidogo, anaangalia nguvu ya maji, anafunga, anaendelea. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Wakati wa mavuno kila nyumba ilimpimia debe la mahindi, wakikumbuka. Mkewe Lucia alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye ameolewa mke wa pili, wa kwanza amelala chini ya ardhi, na akiugua usiku mume anaamka.

Tusiionee kampuni iliyokuja baadaye: bomba lilikuwa linakufa. Chuma cha mwaka 1987 kilikuwa kimeliwa na kutu hadi ukikigonga kinatoa sauti ya kopo. Kiangazi kikifika, shule ya Bondeni ilikuwa inawaagiza watoto kwenda na maji kwenye vidumu, na pale zahanati mama aliyejifungua aliogeshwa kwa maji ya kijito wanachonywea ng'ombe. Isidori alikuwa anaziba kwa vipande vya mpira, kwa nta, kwa lolote. Alikuwa amechoka, na alikuwa anaogopa kufa kabla hajampata wa kumwachia. Kwa hiyo mwaka juzi mwenyekiti wa kijiji, Cornel, alipoitisha mkutano na kusema serikali imeingia ubia na kampuni itakayojenga tanki jipya, kulaza bomba jipya na kuendesha maji kwa miaka ishirini, mtu wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono alikuwa yeye. Watu walimsikiliza. Mambo ya maji akishasema Isidori, nani abishe?

Kampuni ilimtuma mhandisi kijana, Bryson, mtu wa mikoa ya kusini, mpole, aliyejua kusalimia wazee. Alieleza vizuri. Kutakuwa na vilula, yaani vituo vya kuchotea, kila mtaa kimoja. Mtu anagusisha kadi, maji yanatoka. Kadi ikiisha anaiongeza kwa simu. Fedha hizo ndizo zitakazolinda bomba lisife tena. Kisha akafungua daftari.

"Wazee wangu, kuna mtu yeyote mwenye madai kwenye njia ya bomba? Ardhi, mazao, makaburi, makubaliano yoyote ya zamani? Ayaseme sasa tuyaandike. Baadaye itakuwa vigumu."

Wale kumi na wanne, au watoto wao kwa waliokwisha kufa, walimtazama Isidori. Isidori alitazama kofia yake iliyokuwa magotini.

Hapa ndipo watu wa nje hushangaa, na wana haki. Kwa nini hakusema? Alikuwa na mdomo. Lakini kwa watu wake, neno la namna ile halitajwi mbele ya wageni. Ukilitaja hadharani umemdhalilisha aliyekupa, kama vile sasa anadai malipo ya kitu alichokitoa kwa moyo. Na umejidhalilisha mwenyewe, kama vile unatafuta mashahidi kwa kuwa unajijua utageuka. Lilikuwa limekaa miaka yote bila kutajwa, na kila mtu alilijua. Isidori aliona kijana huyu mwenye adabu naye atakuja kulijua, polepole, akishazoeana na watu. Wale kumi na wanne walinyamaza kwa sababu hiyohiyo. Marieta alikuwa amekaa mstari wa mbele, akajifunika vizuri mgolole wake, akatulia.

Bryson aliandika: hakuna madai.

Zikafuata siku nne ambazo Isidori anakiri zilikuwa tamu kuliko zote maishani mwake, na ndiyo maana leo hataki kuzikumbuka. Alitembea na Bryson kutoka chemchemini hadi Bondeni. Yeye mbele anakanyaga na kisigino, kijana nyuma na simu yake kubwa, kila kiungio anasimama, simu inalia, imeshika mahali pale. Kwa mara ya kwanza tangu padre aondoke, mtu alikuwa anamuuliza maswali na kusubiri majibu. Hapa bomba limekwenda kina gani, babu? Hapa mbona limepinda? Na hii koki ya nani? Isidori alimweleza yote. Hii ya marehemu fulani, hii ya fulani, hii ya Mama Tadei, zote nilifunga mimi mwenyewe. Kijana akagusa kioo cha simu. Uani kwa Marieta walikaribishwa maziwa mgando, Bryson akanywa vibuyu viwili, akasema kwao hakuna maziwa mazito namna hii, na Marieta akacheka akionyesha pengo.

"Sasa hata nikifa," Isidori alimwambia Lucia jioni ya siku ya nne, "halipotei."

Lucia alimwambia avue buti kwanza.

Kazi ilikwenda kasi. Bomba la plastiki likalazwa kwenye mtaro uleule wa zamani, zile koki zikaunganishwa nalo pamoja na viungio vyake vya kale, tanki likasimama, siku ya uzinduzi mgeni rasmi akakata utepe na maji yakaruka kwa nguvu hadi yakawalowesha wanakwaya. Zahanati ikapata maji. Shule ikapata maji. Isidori alipewa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, akakivaa hadi kanisani.

Miezi miwili baadaye Bryson alirudi na mafundi wawili na orodha. Alisema wanaondoa viungio vyote vya zamani, halafu utaratibu mwingine utafuata. Isidori alielewa kwamba zile koki zinabadilishwa ziwekwe mpya zinazofanana na bomba. Nani angeelewa vingine? Aliwaongoza. Walianza kwa Marieta, na kiungio kilikataa. Vijana walining'inia kwenye spana wote wawili, wapi. Isidori ndiye aliyekuwa amekifunga, kwa katani na rangi ya mafuta, kwa namna yake.

"Babu, hebu tusaidie," alisema Bryson.

Akasaidia. Aliipasha ile nati moto kwa majani makavu, akaigonga upande, akaipa robo ya mzunguko kwa ndani kabla ya kuirudisha nje, ikaachia kama vile ilikuwa inamsubiri yeye. Marieta alikuwa amesimama pembeni na kibuyu, tayari kuwakaribisha. Fundi mmoja akatoa kizibo cha plastiki mfukoni, akakifunga palipokuwa na koki, akafukia, akakanyagia.

"Koki mpya inakuja lini?" aliuliza Isidori.

Bryson alionekana kweli hajui amuelewe vipi. "Koki hazirudi, babu. Miunganisho isiyo rasmi yote inaondolewa, mkataba ndivyo unavyotaka. Mama atachota kwenye kilula kama wengine. Akitaka maji uani, aombe ofisini, atawekewa mita."

Marieta alirudi ndani na maziwa yake.

Isidori hakutulia siku zile. Alikwenda kwa Cornel. Mwenyekiti akatoa muhtasari wa mkutano, akamwekea kidole kwenye mstari: hakuna madai. "Na wewe ulikuwepo, mzee. Umesaini hapa." Alikwenda Mbulu mjini kwa basi la asubuhi, kizibao mwilini, kwenye ofisi ya kampuni. Bryson alikuwa amehamishiwa mradi mwingine. Mezani alikuwepo binti anaitwa Angela, akamwamkia, akampa kiti, akamsikiliza hadi mwisho bila kutazama simu.

"Babu, kuna andiko lolote?"

"Hakuna. Lilikuwa neno."

"Kuna shahidi?"

"Kijiji kizima."

Angela aligeuza kompyuta amwonyeshe. Pale kwenye kioo bomba lake lilikuwa limelala zima, mstari wa bluu kutoka msituni hadi Bondeni, kila kona mahali pake. Isidori akajikuta anatabasamu. Kisha akaona vidoa vyekundu kumi na vinne pembeni ya mstari. Angela alibonyeza kimoja, yakatokea maandishi, akamsomea kwa sauti ya chini: muunganisho usio rasmi, umeondolewa. Chanzo cha taarifa, I. Akonaay.

"Pole, babu," alisema, na alimaanisha. "Mimi hapa sina uwezo. Na hata wa juu yangu sijui kama anao. Kila kitu kiko kwenye mkataba, na waliousaini hawako Mbulu."

Njia nzima ya kurudi alikuwa anatafuta mtu wa kumkasirikia. Bryson? Kijana aliuliza wazi, mbele ya watu. Cornel? Angela? Hakuna hata mmoja aliyemdanganya. Kwa aibu akashuka kwenye basi kabla ya kituo, atembee.

Kilula cha mtaa wa Marieta kiko juu, mlimani. Kwa mwenye miguu ni dakika kumi. Marieta ana nyonga mbovu, na mwanawe Tadei yuko machimboni Mererani, anapiga simu Krismasi. Ile kadi alipewa, akaifunga kwenye ncha ya kanga pamoja na rozari. Akaanza kuteremka kijitoni na ndoo ndogo, saa nzima kwenda na kurudi. Isidori aliposikia, alifunga vidumu viwili kwenye punda wake akampelekea.

"Shikamoo, Mama Tadei."

Hakuitikiwa. Alisimama akasubiri, kama mtu aliyeamkia akiwa mbali na anadhani hajasikika, akarudia. Katika miaka sitini na tano hakuna mkubwa aliyewahi kuiacha shikamoo yake hewani.

"Rudisha hayo maji," Marieta alisema mwishoni. "Mimi sikukupa shamba ili uniletee maji kwa punda. Utaleta mpaka lini? Ukifa je?"

"Mama, mimi sikujua."

"Nami sikukuuliza kama unajua. Ng'oa bomba lako kwangu, Isidori. Wao sina neno nao, sikuwapa kitu. Ling'oe, nipande vitunguu."

Angeweza. Jembe analo, mahali anapajua. Siku mbili za kuchimba, msumeno mmoja. Lakini chini ya shamba la Marieta kuna shule yenye watoto mia nne na kuna zahanati, na kinamama wanaojifungua pale mmojawapo ni Fabiola, binti yake mwenyewe, anayetarajia mwezi wa kumi. Marieta alilijua hilo vizuri kuliko yeye. Alimwacha asimame vile, ashindwe mbele ya macho yake, kisha akasema taratibu:

"Basi liache. Ila wewe usipite hapa tena. Zunguka."

Tangu hapo anazunguka. Anafuata bomba hadi mpaka wa shamba la Marieta, anapanda kwa nje ya ukingo wa minyaa, anateremka upande wa pili, analidaka tena. Wengine kati ya wale kumi na wanne wanamwitikia, wengine hawamwitikii, mmoja alimwachia mbwa. Debe la mahindi hakuna aliyepima mwaka huu. Kizibao Lucia alikitumia kumfunika ndama, naye hakuuliza.

Mwezi wa tisa, ukame ukiwa umeshika na vumbi la mashamba linapanda hadi madirishani, Isidori alifika kwenye ule mpaka asubuhi akaona kitu. Uani kwa Marieta, pale palipokuwa na koki, nyasi zilikuwa za kijani. Duara dogo, kama upana wa ungo. Kizibo kilikuwa kinavuja. Kiungio cha katani na rangi kilikaa miaka thelathini na sita. Kizibo cha plastiki kimekaa mmoja. Na pembeni ya duara lile Marieta alikuwa amepiga magoti, nyonga mbovu na yote, amechimba kishimo kwa mkono, anasubiri kijae, anachota kwa kikombe cha bati, anamimina kwenye ndoo kupitia kitambaa.

Isidori alijificha nyuma ya minyaa kama mwizi. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa kuona bomba linavuja na kukimbia kuliziba. Hakukimbia. Alikwenda zake kwa kuzunguka, na kesho yake akapita tena kuangalia kama bado linavuja, akaliona linavuja, akafurahi. Siku kumi na moja alikuwa na furaha hiyo. Hakumwambia hata Lucia. Alikuwa anamwaza Marieta na kikombe chake, akijiambia kwamba angalau kitu kimoja amekiweza, kunyamaza.

Siku ya kumi na mbili walikuja. Kwenye tanki kuna kidude kinachohesabu maji, kikaona yanatoka mengi kuliko yanayofika. Fundi wa kampuni anaitwa Evarist, kijana wa Katesh, alimkuta Isidori njiani, akaegesha pikipiki, akaamkia.

"Mzee, kuna maji yanapotea kati ya hapa na Bondeni. Wanasema wewe unalijua bomba kuliko mtu yeyote. Umeona linapovuja?"

"Sijaona," alisema Isidori. Ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya bomba, na alishangaa ulivyotoka kwa urahisi.

"Haya, nitatafuta."

Evarist alitoa simu. Isidori aliona mstari wa bluu. Aliona vidoa vyekundu. Kijana akainua macho, akalinganisha simu na vilima, akapita kwenye minyaa akaingia shambani, moja kwa moja, bila kukanyaga kisigino, bila kutega sikio, akihesabu hatua kwa mdomo. Mwenzake alifuata na sururu na mfuko wa saruji. Isidori alibaki mpakani. Alitaka kupiga kelele, amwambie Marieta aondoke pale haraka, afiche ndoo. Lakini shamba lile alikatazwa, akabaki nje ya minyaa.

Walimkuta amepiga magoti. Walimwamkia kwa heshima, wakamsaidia kuinuka, wakamsogezea ndoo pembeni isimwagike. Walichimba, wakabadilisha kizibo, na safari hii wakakimwagia zege juu, nene, wakalilainisha kwa mgongo wa sepetu. Haikuchukua hata saa. Marieta alisimama muda wote na kikombe mkononi. Walipoanza kukusanya vyombo alinyanyua macho, akatafuta ukingoni mwa shamba, akamwona.

"Umewaonyesha tena," alisema. Hakupaza sauti.

Isidori alifungua mdomo kukana. Kule uani Evarist alikuwa anaifuta simu kwa shati, anairudisha mfukoni.

"Ndiyo, Mama Tadei," alisema. "Ni mimi."

Marieta aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa jambo akaona jibu ni sawa. Alichukua ndoo, akaipima uzito, akashika njia ya kijitoni.